Spika Kumi na Moja Zilizoelekea Ukutani

Ermek Talasovich alipoingia karakana na keki mkononi, Saikal alijua kuna kitu kinakwenda kuzikwa. Alimfahamu mtu huyu tangu redio ya taifa, mwaka wa tisini, Ermek akiwa katibu wa vijana wa chama na yeye fundi wa sauti mwenye miaka ishirini na mmoja. Siku hizo sauti ilikuwa utepe, na utepe ulikatwa kwa wembe. Kila Ermek alipotaka kitu kikatwe, alianza kwa kugawa peremende. Chama kikafa, nchi ikapata bendera mpya, marais wakakimbizwa mmoja baada ya mwingine, na Ermek akabaki. Watu wa namna yake ni mafuta ya supu: koroga utakavyo, yatarudi juu.

Sasa alikuwa mkurugenzi wa Mfuko wa Mwangwi, ulioundwa kusaidia wasanii wa sauti na picha za kompyuta, wale wanaojenga vyumba ambavyo ukiingia unazingirwa pande zote hadi usahau ulikotoka. Karakana ya Saikal, vyumba viwili vya kiwanda cha zamani cha kushona pale Bishkek, iliishi kwa mfuko huo: kodi, spika, nyaya, joto la wakati wa theluji. Wasanii saba walijibana humo. Mmoja alirekodi barafu za milimani zinavyopasuka, mwingine alirusha nyuso za wazee kwenye moshi. Saikal hakuwa msanii. Ndiye aliyewachomea nyaya zao, akawaandikia maombi yao, akawapikia supu, akawatukana walipochelewa kuamka.

Na mfuko nao ulilishwa na nani? Sehemu kubwa na kampuni ya mgodi wa makaa ya mawe wa Kara-Zoo. Saikal alilijua hilo kama mtu anavyojua kilichomo ndani ya soseji. Mkono mtupu haulambwi.

"Saikal, roho yangu," alisema Ermek akikata keki mwenyewe. "Ile kazi ya binti wa Kara-Zoo. Nimeisikia. Nimelia, wallahi."

"Ulilia na mwaka wa tisini. Sema unachotaka."

Aksaamai, binti mwenyewe, alikuwa amechuchumaa chini akipima ukuta kwa utepe wa fundi. Aliinua kichwa. Kazi yake ilikuwa hivi. Miaka mitatu iliyopita handaki la Kara-Zoo lilishika moto zamu ya alfajiri, paa likaanguka. Baba yake alikuwa humo. Kwao, mtu akifa, wanawake huketi ndani, nyuso zimeelekea ukutani, mikono kiunoni, migongo kwa wanaoingia, na kuimba koshok, ombolezo linalomtaja marehemu kwa jina lake, jina la baba yake na mambo aliyoyatenda. Aksaamai alikuwa amewarekodi wajane wote ndani ya mwaka ule wa msiba. Sasa alitaka chumba kitupu, kuta za manyoya ya kondoo, na spika kumi na moja zikielekea ukutani kama walivyoketi wanawake, ili sauti ipige ukuta kwanza ndipo imrudie msikilizaji. Mambo ya kitaalamu hayo. Ila Saikal, aliyezeeka akisikiliza, siku ya kwanza ya majaribio ilimbidi atoke nje akasimame kwenye theluji bila koti.

"Kumi na moja," alisema Ermek. "Hapo ndipo wanasheria wa wafadhili wanapopata kiungulia. Waliokufa ni kumi."

"Ni kumi na mmoja," alisema Aksaamai.

"Binti yangu, karatasi inasema kumi."

Karatasi. Wa kumi na moja aliitwa Joomart. Siku ile haikuwa zamu yake. Alibadilishana na jirani ambaye mke wake alikuwa na uchungu wa kuzaa, kama wachimbaji wanavyobadilishana kila wiki bila kumwambia msimamizi. Kwa hiyo hakuwa kwenye orodha. Maiti kumi zilitolewa, kisha kampuni ikaliziba handaki kwa zege. Mke wake, Batma, akaambiwa mumewe atakuwa ameenda Urusi kutafuta kazi kama wenzake, asubiri simu. Yule jirani alijua ukweli wote. Alihama na mtoto wake mchanga kabla theluji haijayeyuka. Batma hakupewa kaburi, hakupewa cheti. Wajane wengine walifanya karamu ya mwaka, wakachinja, wakavuliwa nguo nyeusi. Yeye alikuwa bado amevaa nyeusi, mwaka wa tatu, kwa maana msiba usiofunguliwa haufungwi. Alikubali kurekodiwa kwa sharti moja tu: jina la Joomart lisikike mjini, mbele ya wakubwa, pamoja na majina ya wale kumi. Apate kuwa amekufa, basi.

"Sikilizeni," Ermek akalamba kidole. "Mimi si adui. Nawapa njia mbili. Ya kwanza: spika kumi, majina yote yabaki. Ya pili: spika kumi na moja, ila majina yatolewe. Yote. Inakuwa ombolezo la binadamu, la kila mama duniani. Kisanaa ni kubwa zaidi hata. Mkikataa zote mbili, naibu waziri haji kufungua, na mwakani... Hili jengo lina joto zuri sana, Saikal. Ni gharama."

"Mjinga wewe, Ermek. Tangu zamani."

"Mjinga anayelipa kodi yako, roho yangu. Kula keki."

Ermek aliondoka. Kumfukuza Joomart hawakuweza. Hata kulitaja hilo waliona aibu. Basi wakaanza, kama wafanyavyo watu waliobanwa mlangoni, kujieleza kwa nini ile njia ya pili si mbaya sana.

"Sauti yake itakuwemo," alisema Aksaamai. "Watu watahesabu spika. Kumi na moja. Atakayejua atajua."

"Na akina mama wenyewe? Hawatachukia?"

Aksaamai alisitasita. Alikuwa ametoka Kara-Zoo akiwa na miaka kumi na saba, akasoma Almaty, kisha Ujerumani. "Mama atalia tu. Akisikia sauti yake atalia. Hatafuatisha maneno."

Saikal alitaka kuamini hivyo. Yeye alizaliwa mjini, akalelewa kwa Kirusi, mama yake mzazi alizikwa kwa muziki wa bendi ya matarumbeta. Koshok aliijua kama fundi anavyoijua: inapanda wapi, inashuka wapi, pumzi iko wapi. Angeweza kumpigia simu mjane mmoja akamuuliza. Simu ilikuwa mezani. Hakuipiga, kwa sababu alijua moyoni kwamba akiuliza atajibiwa.

Alikata kwa siku nne. Siku hizi hakuna wembe, unaona sauti kwenye kioo kama safu ya milima, unachagua kilele, unabonyeza. Ombolezo la Batma aliliacha la mwisho.

*Joomart wangu, mwana wa Asanaly,*
*taa yako namba arobaini na moja;*
*mkate ulikata nusu ukaniachia nusu,*
*zamu haikuwa yako, kifo kikawa chako.*

Alitoa jina. Alitoa la baba yake. Akatoa na namba ya taa, ile anayopewa kila mchimbaji akishuka mgodini, kwa kuwa wanasheria walikuwa wameitaja hiyo hasa. Zilipobaki pumzi tupu kati ya maneno, Aksaamai aliyekuwa nyuma yake alisema, "Mbona ni nzuri." Na kweli ilikuwa nzuri. Hilo ndilo Saikal hakujisamehe baadaye, kwamba ilikuwa nzuri na yeye akatikisa kichwa kukubali. Rekodi za awali alizifungia kwenye diski yake mwenyewe, nakala moja tu, kwa tabia ya kale ya kutomwamini mtu anayekuja na tamu mkononi.

Ufunguzi ulikuwa mchana wa Jumamosi, mwezi wa tatu, katika ghala la zamani la kiwanda. Wajane walisafiri kwa muda wa saa tisa kwa basi dogo, wakashuka na mifuko ya boorsok, maandazi madogo waliyokaanga wenyewe, kwa sababu huendi msibani mikono mitupu. Walimpa Saikal mkononi.

"Ndiwe mwenye nyumba?" aliuliza Uulkan, mama yake Aksaamai, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. "Mbona mwembamba hivi? Huku mjini mnakula nyaya?"

Wenzake wakacheka. Batma hakucheka, ila alimshika Saikal mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa na umri usiofika hamsini, kitambaa cheusi kimemfunga hadi kwenye nyusi.

"Eje," alisema, maana Saikal alimzidi umri, "wale wakubwa wamekuja?"

"Wamekuja."

"Watasikia?"

Kulikuwa na nafasi ya kusema hapo. Watu wakipita, makoti yakipokelewa, glasi zikigongana, kulikuwa na nafasi ya kutosha kusema, Batma, dada yangu, nimemtoa. Saikal akasema, "Ingieni, ingieni, kuna baridi hapa."

Waliingia. Wageni wa mjini walisimama katikati na divai zao, naibu waziri akiwa kati yao na tai yake ya buluu. Wajane hawakusimama. Waliziona spika zimeelekea ukutani, wakaelewa mara moja bila kuelezwa na mtu, na kila mmoja akaenda kuitafuta sauti yake, akaketi sakafuni kando yake, uso ukutani, mikono kiunoni. Aksaamai aliziba mdomo kwa kiganja. Hakuwa amewaomba. Saikal, nyuma ya meza ya sauti, aliihesabu migongo: kumi na mmoja.

Aliyefungua mdomo kwanza ni Uulkan. Alisikiliza mshororo mmoja, wa pili, akageuza shingo, akatema mate sakafuni mara tatu.

"Aksaamai! Baba yako yuko wapi humu?"

"Apa, mama, subiri, ni..."

"Namsikia farasi wake. Nasikia ndevu zake. Yeye mwenyewe yuko wapi? Nani kamtoa?" Alikuwa ameshainuka kwa goti moja. "Mnajua mlichofanya? Koshok isiyo na jina humwimbia nani? Hutafuta mwenyewe! Inazunguka humu inatafuta wa kumkalia! Kaka yako yuko zamu sasa hivi, chini ya ardhi, sasa hivi ninavyoongea, na nyie mmefungulia kifo kikiwa hakina anwani!"

Wajane wengine walikuwa wameanza kuziba masikio. Mmoja aliivamia spika yake akaikumbatia, kama anayemziba mtoto mdomo. Wageni wakasogea karibu. Simu zikatoka mifukoni.

Ndipo Batma akaanza kuimba. Hakugeuka. Aliimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyokuwa ikitoka ukutani, na kila ilipofika pumzi ile tupu, yeye alijaza: Joomart. Mwana wa Asanaly. Taa arobaini na moja. Wenzake walipoona njia, wakafuata, kila mmoja akipachika jina pengo lilipotokea, haraka haraka, kama watu wanaoziba matundu ya mtumbwi unaozama. Kwa muda wa dakika moja hivi, labda dakika na nusu, majina kumi na moja yalikuwemo chumbani.

Diski ya rekodi za awali ilikuwa mfukoni mwake. Kuichomeka, kufungua faili, kupandisha: sekunde ishirini. Spika zote zingetaja majina kwa ukubwa wa ghala zima na hakuna mkubwa ambaye angesema hakusikia. Alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni.

Mkono wa Ermek ukatua begani mwake, laini, wa kirafiki.

"Ajabu," alimnong'oneza. "Ni wewe uliyepanga? Ajabu kabisa. Usiguse kitu."

Naye hakugusa. Tusimpambe, hakushikwa, hakutishwa. Mkono ulikuwa mwepesi kama kitambaa. Aliwafikiria wasanii saba, akafikiria joto la jengo, akakumbuka keki, akajiambia tusubiri kidogo, akina mama wamalize. Wembe wa mwaka wa tisini ulikuwa umemfundisha kusubiri kidogo.

Kisha mtu akapiga makofi.

Alikuwa mwanamke mwenye miwani mikubwa, machozi yakimtoka kweli, alidhani ndiyo kazi yenyewe, kwamba wajane wamefundishwa sehemu zao. Naibu waziri akamfuata. Ghala lote likafuata. Makofi yakapanda juu ya koshok kama mchanga unavyomiminwa shimoni, na mtu mmoja akapiga mbinja ya kushangilia. Kule Kara-Zoo koshok haipigiwi makofi. Hata adui akiingia msibani, hushusha macho. Batma alifika kwenye pengo lake, akafungua mdomo, jina likatoka, na hakuna aliyelisikia, hata aliyeketi kando yake.

Alinyamaza. Wote wakanyamaza. Makofi yakaendelea.

Ermek akachukua kipaza sauti. "Tuwashukuru," alisema kwa sauti iliyojaa machozi, "wajane wa mashujaa wetu kumi."

Wanawake walitoka kwa mstari, vitambaa vimeshushwa. Uulkan alimpita binti yake kama anavyopita nguzo. Boorsok zilibaki kwenye mifuko juu ya meza ya makoti, na wageni walizila na divai.

Aksaamai alipata mwaliko wa kwenda kufanya kazi nchi nyingine kabla ya mwezi kwisha. Video ya wajane ilikuwa imesambaa. Alilia kwenye kiti cha karakana, akasema hataenda, akaenda. Mfuko ulitoa msaada wa mwaka mwingine kwa karakana, bila hata kuombwa. Watu wa mjini walimpongeza Saikal barabarani.

Mwezi wa tano alipanda basi kwenda Kara-Zoo na diski yake na kompyuta ndani ya begi. Alikuwa amesikia kwamba tume mpya ya uchunguzi itakaa vuli, na alikuwa na mpango: ombolezo la awali, lenye jina, namba ya taa, na zamu iliyobadilishwa, lilirekodiwa siku ya tisa baada ya ajali, kabla mtu hajafundisha mtu la kusema. Huo ni ushahidi. Alirudia maneno hayo njia nzima.

Batma alimfungulia mlango akiwa na kitambaa cheupe kichwani.

Saikal alibaki mlangoni. "Mmefanya karamu?"

"Karamu ya nani? Wamenivua tu wenzangu. Uulkan alileta kitambaa." Alimkaribisha, akamimina chai yenye maziwa kwenye bakuli, kidogo, kama inavyomiminwa kwa mgeni anayetakiwa akae na kuongezewa. "Kaka yake Aksaamai alivunjika mguu mgodini wiki ile ile. Unajua? Mguu tu. Uulkan anasema tumepona kwa bei rahisi."

"Batma, nisikilize. Nimekuja kuomba radhi, na pia..."

"Umekuja na sauti yangu."

"Ndiyo. Ile nzima. Nitaipeleka kwa tume. Nitasimama mimi mwenyewe."

Batma alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Eje, kwenu mjini sijui. Sisi tukichinja kwa ajili ya maiti hatuvunji mfupa. Tunafungua kwenye kiungo, taratibu, kila mfupa unabaki mzima, kwa sababu nyama ile ni yake. Ukimpa mtu shoka, hata ukimnyang'anya, nyama imeshakuwa nyama ya sokoni. Wewe ulivunja."

"Nilivunja."

"Tume ya kwanza niliiimbia. Waliniambia nizungumze, nikashindwa kuzungumza, nikaimba. Waliandika kumi. Mjini nikaimba, wakapiga makofi. Nikikupa tena, huko watafanya nini? Watacheza?" Alisema bila hasira, kama anayeuliza bei ya sukari. "Ifute."

"Dada, ni hii tu. Hakuna nyingine. Ukishaifuta, hakuna mahali popote duniani..."

"Najua maana ya kufuta. Uliponikata hukuniuliza. Sasa mimi nakuambia."

Saikal alibisha. Alibisha chai ikapoa, akamwambia habari za mahakama, za haki, za watu wanaotegemea tusahau. Yote yalikuwa kweli, na yote yalitoka kinywani mwa mtu aliyeshika wembe. Batma alisubiri amalize, kisha akasogeza bakuli kando ili kompyuta ipate nafasi mezani.

Milima ya sauti ilijitokeza kwenye kioo, mizima, vilele vyote mahali pake. Batma aliitazama kwa karibu, pua karibu igonge.

"Yeye yuko wapi hapo?"

Saikal alimwonyesha kwa kidole. Hapa. Na hapa. Na hapa.

"Kumbe ni mrefu," alisema Batma. Kisha akasema, "Haya."

Saikal akabonyeza.

Vuli tume ilikaa. Saikal alikwenda bila kuitwa, akasimama, akajitaja, akasema waliokufa ni kumi na mmoja, na kwamba mke wa Joomart mwana wa Asanaly alimlilia siku ya tisa kwa jina, zamu na namba ya taa. Mwenyekiti, mtu mstaarabu, alivua miwani.

"Una rekodi hiyo?"

"Nilikuwa nayo."

Mwenyekiti alimgeukia karani. "Andika: hakuna."